Swichi Mbili za Kiwanda cha Tende

Yazeed alizipanga swichi mbili juu ya meza ya meneja, kama muuza fedha wa soko la Nizwa anayemtandikia bangili mama wa bibi harusi, kisha akarudi nyuma kidogo kuzitazama.

"Hii Tarsim," alisema, akaigonga ya kulia kwa ukucha. "Hii nyingine Velko. Kwa macho ni mtu na ndugu yake. Kazini ndipo zinapoachana."

Luteni Hafidha binti Marhun, wa upelelezi, alivuta kiti akaketi. Alichokiona ni visanduku viwili vyembamba vya bati, kila kimoja na safu ya matundu ya kuchomekea waya za mtandao. Kabla ya kesi hii hakujua kama vitu hivyo vina majina, wala kama watu hubishana kwa ajili yavyo. Sasa alijua, na alijua pia kuwa mtu anaweza kufa kwa ajili yavyo.

Aliyekufa alikuwa Mkadam, msimamizi wa ghala la kiwanda hiki cha tende, nje kidogo ya Nizwa. Mtu mzima, mwenyeji wa Ibra, kazaliwa Unguja akaletwa Omani angali mdogo. Alikutwa ndani ya chumba cha kwanza cha kugandishia tende, amejikunja nyuma ya mlango uliokataa kufunguka, baridi imeshammaliza. Bwana Nasr, mwenye kiwanda, alikuwa akizijaribu swichi za kampuni mbili kabla ya kuchagua moja ya kiwanda kizima. Velko iliendesha chumba cha kwanza, Tarsim chumba cha pili. Chumba cha pili hakikuleta tabu yoyote. Saini ya kununulia Velko ilikuwa ya fundi wa mtandao, Himid, na Himid huyo sasa yuko mahabusu kwa tuhuma ya uzembe. Kilichowafanya watu wa Ibra washike vichwa ni kuwa Himid alikuwa mume wa Badria, binti wa Mkadam.

"Nieleze kama unavyomweleza mnunuzi," alisema Hafidha. "Lakini usiniuzie."

Yazeed, wakala wa Tarsim, alitabasamu. Kazi hiyo aliipenda.

"Swichi hizi hupeleka umeme kwenye waya uleule wa mtandao. Kufuli la mlango, kamera, simu ya mezani, vyote vinakula hapo. Velko chakula chake kichache. Wageni wakija wote kwa pamoja, hakitoshi."

"Kisipotosha?"

"Inakata. Inaanza na tundu la mwisho, inarudi nyuma moja moja, mpaka wabaki wanaoenea. Tarsim unaipangia mwenyewe: mlango kwanza, kamera baadaye. Tena ina akiba."

"Na Velko huwezi kuipangia?"

"Huwezi. Yake ni hiyohiyo, wa mwisho hufa mwanzo. Halafu kipuri chake usubiri meli. Tarsim ikiharibika leo, kesho nakuletea nyingine kwa gari kutoka Maskati. Bei ya Velko ni nusu, sikatai. Kwa duka la kahawa lenye kompyuta mbili inatosha, wala simdanganyi mtu. Kwa mlango wa friza, hapana."

Hafidha alimwacha amalize. Kisha akauliza, kwa sauti ileile, "Siku aliyokufa Mkadam, ulikuwa wapi?"

Tabasamu lilimkauka Yazeed. "Sur. Kwa mteja."

"Mteja anasema ulichelewa sana."

"Nilipasua tairi karibu na Ibra. Muulize fundi aliyenitengenezea."

"Nimeshamuuliza. Anaikumbuka tairi, na anakumbuka ulivyomlalamikia."

"Basi kwa nini unaniuliza mie?"

"Nilitaka kuona kama na wewe unaikumbuka."

Hilo lilikuwa limekwisha. Yazeed ndiye aliyekuwa na faida Velko ikifedheheka, na kwa siku kadhaa Hafidha alimfuata kila alikokwenda. Njia ile iliishia kwenye gereji ya Ibra. Alichobakiwa nacho ni kile ambacho kila mtu alimwambia tangu mwanzo: swichi rahisi ilizidiwa, mlango ukafa, na aliyeinunua alijua ni rahisi. Ripoti ya namna hiyo ingeandikika kabla ya adhuhuri. Lakini jana Badria alimpigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Babangu nimeshamzika, dada. Mume wangu msinizikie angali hai."

Laith, meneja wa kiwanda, alichungulia mlangoni. Alikuwa kijana wa Kinizwa aliyejifunza Kiswahili kwa bibi yake, na ngeli zilikuwa zikimpiga chenga.

"Mulazim," alisema, akimwita kwa cheo chake cha Kiarabu, "askari yako amefika na Himid."

Himid aliingia pamoja na sajini Hud. Alikuwa mrefu, na kanzu yake nyeupe ilikuwa na mikunjo ya kulaliwa. Alitoa salamu, akasimama karibu na dirisha. Zile swichi mezani hakuzitupia jicho, yeye aliyeishi kwa kuzitazama.

"Nataka kuiona siku ile kwa macho yangu," Hafidha alimwambia kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao wote wawili. "Tutauzima mlango wa chumba cha kwanza kama ulivyozimika. Mimi na wewe tutakuwa ndani. Utanionyesha mtu akikwama humo anafanya nini."

"Hakuna haja, Mulazim. Velko ilizidiwa. Nimeshasema, na makosa nimeyakubali."

"Umeyakubali upesi. Watu wenye makosa huwa hawana haraka hiyo."

Himid aligeukia dirisha.

Laith aliwasha kompyuta iliyotumika kuziongoza swichi. Ikataka neno la siri. Akageuka kumtazama Himid.

"Wewe huna?" aliuliza Hafidha.

"Mimi sina. Himid peke yake. Hata Bwana Nasr hana."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Yazeed. "Neno la siri likijuliwa na watu wengi si siri tena."

Himid aliinama, akachapa, akarudi dirishani.

Kabla ya kushuka, Hafidha aliomba kuona tena picha za kamera ya ujia. Alikuwa ameshaziona mara nyingi. Ujia mtupu. Kabati la swichi ukutani, limefungwa. Mkadam anakuja na kanzu na kofia, bila koti, kama mtu anayetaka kuchungulia tu na kutoka. Anaingia chumba cha kwanza. Mlango unajifunga. Halafu ujia unakaa mtupu, mchana wote unapita, mpaka wanapotokea Himid na Bwana Nasr wakizungumza. Himid anabonyeza kitufe cha mlango, anaonyesha kwa mikono kuwa haufunguki. Nasr anaita, Laith anakuja na ufunguo wa dharura. Mlango unavutwa. Hapo Himid anaanguka kwa magoti.

"Hud," alisema Hafidha, "wewe kaa hapa na hawa wawili. Mtu asiguse kitu. Laith, nikiwa ndani uzime tundu la mlango. Nikikwita kwenye redio, uliwashe. Nisipokwita, usiguse."

"Hadhir," alisema Laith, akiitikia amri.

Ujiani Hafidha alifungua kabati kwa ufunguo wa meneja. Velko ilikuwa imekaa peke yake, vitaa vyake vya kijani vikipepesa. Juu ya kila tundu kulikuwa na kibandiko chenye mwandiko mzuri wa Himid. La kwanza, mlango. La pili, kipimajoto. Kisha simu na mizani. La mwisho kabisa, kamera ya ujia. Alifunga kabati. Kwenye misumari palikuwa na makoti mazito ya wafanyakazi. Alivaa moja juu ya sare na mtandio wake, akampa Himid la pili. Himid alilivaa bila kulifunga.

Baridi ya friza si baridi ya Jabal Akhdhar. Ya mlimani humjia mtu na harufu ya moto na waridi; hii ilikuja na harufu ya bati, ikamwingia Hafidha puani kama sindano. Makasha ya tende yalipangwa mpaka juu, katikati njia nyembamba. Feni zilinguruma darini. Mlango mnene ukajivuta nyuma yao, ukabana. Muda si muda kitaa kidogo juu ya kitufe cha kutokea kikazimika.

"Ameshazima," alisema Himid.

Hafidha alibonyeza kitufe. Kimya. Hilo alilitarajia: kufuli lilikuwa la aina inayobaki imefungwa umeme ukikatika, kwa kuogopa wezi. Ndiyo maana chini ya kitufe paliwekwa kigingi cha chuma cha dharura, chenye kichwa chekundu, kisichohitaji umeme wowote. Ripoti ya siku ya kwanza ilisema kigingi ni kizima, na kwamba marehemu labda alizimia kabla ya kukifikia. Ripoti hiyo aliitia saini yeye.

Alikisukuma. Kiliingia chote, laini, kikarudi. Mlango haukutikisika. Alikisukuma tena kwa bega. Kilikwenda na kurudi bure, kama kisu kisichofika kwenye nyama.

Ndipo alipokumbuka kuwa siku ile walikijaribu mlango ukiwa wazi. Walikiona kinasogea, wakaandika kizima.

Alichukua redio. "Laith, washa."

Mkwaruzo ulijibu. Alisogea pembeni, akarudi mlangoni, akaiinua juu. Mkwaruzo uleule. Kuta zilikuwa bati nje, bati ndani, na povu nene katikati. Sauti ya mtu haitoki humo, wala mawimbi. Akaupiga mlango kwa kiganja, kisha kwa redio yenyewe. Feni zilimeza kishindo. Kule ofisini Hud angekaa akingoja kuitwa, na Hud alikuwa mtu wa kutii amri mpaka mwisho wake.

Akageuka.

Himid alikuwa ameketi juu ya kasha, mikono magotini. Hakuwa amesogea tangu kitaa kizimike. Hakubonyeza kitufe. Hakukigusa kigingi.

"Ulijua kibovu," alisema Hafidha.

"Nilijua."

"Nani alikwambia?"

"Baba mkwe mwenyewe, mezani kwangu, tunakula. Alisema kashamwambia Bwana Nasr mara tele, na Bwana Nasr anasema inshallah."

"Polisi hukutwambia."

"Hamkuniuliza."

Pumzi zao zilitoka nyeupe. Hafidha alianza kutembea, mlango mpaka makasha, makasha mpaka mlango, kuipa damu kazi. Akili ilikuwa ikikimbia mbele ya miguu. Wageni wakija wote, chakula hakitoshi. Inakata. Wa mwisho hufa mwanzo.

Akasimama.

"Himid, kamera ya ujia iko tundu la mwisho."

Himid aliinua uso.

"Na mlango uko la kwanza," aliendelea Hafidha. "Kama Velko ilizidiwa, ingeanza kuikata kamera. Kisha mizani, kisha simu. Mlango ungekuwa wa mwisho kufa. Lakini kamera nimeitazama leo tena. Haikukatika hata kidogo. Imeonyesha mchana mzima. Swichi haikuzidiwa."

"Swichi rahisi hizi, Mulazim. Zina vituko."

"Huenda mtu kachomoa waya, basi. Lakini kabati limo katika picha, na hakuna aliyelifungua. Basi mlango ulizimwa kwenye kompyuta. Na kompyuta inataka neno la siri."

Alimwacha Himid alitazame jambo hilo lilivyokaa.

"Watu wote wanadhani Velko ni chaguo langu," Himid alisema mwisho, polepole. Midomo ilikuwa imeanza kumwia mizito. "Saini ni yangu. Bwana Nasr ndiye aliyeniwekea karatasi mbele. Nilimwambia tangu mwanzo, hii haitufai, mlango wa friza si wa kuupa swichi ya duka la kahawa. Akaniambia swichi ni swichi. Akasema tujaribu zote mbili, na ikimaliza mwezi haina tatizo, ndiyo tutakayoweka kiwanda kizima. Na mwezi ulikuwa unaisha. Haikuharibika."

"Ukaiharibu wewe."

"Nilizima mlango tu. Nilitaka Bwana Nasr akifika kutoka sokoni nimpeleke aone hauwezi kufunguka. Aone kwa macho yake. Nilidhani nawaokoa watu, wallahi. Niliogopa siku moja utamfungia mtu."

Feni zilinguruma. Hafidha alipigapiga miguu chini.

"Baba mkwe aliniaga asubuhi, anakwenda Ibra, kuna posa ya mtoto wa nduguye. Nikajua ghala halina mtu. Kumbe hakuondoka. Bwana Nasr naye akachelewa, nami nikangoja ofisini. Picha za kamera zilikuwa ubavuni mwangu, kwenye kioo. Ningegeuza shingo ningemwona anaingia. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Bwana Nasr."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Mtu akifa kwa swichi mbovu, mke wangu analia kwa Mungu. Akifa kwa mkono wangu, analia kwa nani? Uzembe nilikuwa tayari kufungwa. La kuvunda halina ubani, najua. Lakini nilidhani nitalifunika mpaka nife."

Hafidha hakuweza tena kuvisikia vidole vya miguu. Alisogea mbele yake, akainama kidogo ili waonane.

"Humu wewe ndiye uliyetandaza waya. Kuna njia ya kutoka?"

Himid aliitazama mikono yake.

"Ipo."

"Iko wapi?"

"Ngoja kidogo, Mulazim. Nataka kukaa kidogo. Yeye alikaa."

Hapo ndipo Hafidha alipoogopa kwelikweli. Mlango wa chuma ulikuwa jambo moja. Mtu aliyekaa juu ya kasha, koti wazi, akiwa na ufunguo kichwani mwake na asiutake, lilikuwa jambo jengine. Alizitazama kuta. Waya zilikuwa darini, katika mabomba meupe, zote zinafanana.

"Alikaa kwa sababu hakujua njia," alisema. "Wewe unaijua. Hii si kumfuata, Himid. Hii ni kumkimbia Badria."

"Utamwambia wewe."

"Mimi nitakuwa nimeganda hapa pamoja nawe. Watamwambia Laith na Yazeed. Watamwambia swichi ya Velko imeua tena."

Himid alifumba macho. Machozi yalikuwa yameshika kope zake kama chumvi. Kisha aliinuka kwa shida, akapanda juu ya makasha mawili, akanyoosha mkono mpaka pembe ya dari, kwenye kidude cheupe kisichozidi ukubwa wa kokwa ya tende. Kipimajoto. Aliushika waya wake, akauvuta, ukatoka.

"Ofisini king'ora kinalia sasa," alisema. "Tende zisiharibike. Kwa tende tuliweka king'ora."

Alishuka, akaketi palepale.

Walingoja. Hafidha alihesabu pumzi, akapotea, akaanza upya. Kisha kufuli lilipiga kwa nje, ufunguo wa dharura ukazunguka, na joto la ujia likawapiga usoni. Hud alisimama mlangoni, nyuma yake Laith, ametoka jasho.

"King'ora imepiga," alisema Laith. "Mimi nasema labda Velko imekufa tena."

"Velko ni nzima," alijibu Hafidha. Meno yalikuwa yakimgongana. "Hud, mchukue Himid. Na mtu asiguse hiyo kompyuta mpaka waje wataalamu wetu. Na umtafute Bwana Nasr. Mwambie namtaka leo, kwa habari ya kigingi."

Yazeed alikuwa amekuja mpaka nusu ya ujia. Alimtazama Himid akipita kati ya askari na ukuta, akamtazama Hafidha, akawapisha.

Nje jua lilikuwa limesimama juu ya mitende, na hewa ilitetemeka juu ya lami. Hafidha alimketisha Himid kiti cha nyuma, akakaa karibu naye, Hud akaendesha. Hakuna aliyewasha kipoza hewa. Walikwenda hivyo, vioo vimeshushwa, mpaka ngome ya Nizwa ilipotokea mbele.

"Mulazim," alisema Himid. "Nikishaandika maelezo, atayasikia kwa nani?"

"Kwa wakili. Au kwa watu wa Ibra, wao hufika kabla ya wakili."

"Nataka ayasikie kwangu."

Hud alimtazama Hafidha kwenye kioo. Kanuni ilikuwa wazi, maelezo kwanza, simu baadaye, na Hafidha hakuwa mtu wa kucheza na kanuni. Hata hivyo alikitoa kisimu chake, akalitafuta jina, akabonyeza, akaweka sauti ya nje ili naye asikie, akamshikia Himid mbele ya mdomo.

Badria alipokea upesi, kama mtu aliyekuwa ameshika simu mkononi. "Naam, dada Hafidha?"

"Ni mimi," alisema Himid.

Kisha sauti ya Badria ikabadilika, ikawa nyepesi, ikapanda kama ya msichana.

"Himid? Wamekuachia?"

Himid alitazama nje, kwenye ukuta wa shamba la mitende uliokuwa ukipita.

"Uko peke yako hapo?" aliuliza.

"Mama yuko jikoni. Wamekuachia? Nikufuate? Niambie uko wapi, nakuja na gari sasa hivi."

"Badria," alisema. "Mwite Mama. Kaeni kitako wote wawili."